Uso wa Mnyama Aliyelala

Kabla ya kuwa fundi wa dinosaria, Haddu alikuwa fundi wa saruji kama mafundi wengine. Alijenga matangi ya maji, akapiga plasta nusu ya nyumba za Arfud, mji wetu wa jangwani, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata wanawake wakawa wanamwita awawekee nakshi za chokaa juu ya milango. Kisha Si Madani, na "Si" kwetu ni kama kusema "Bwana", akafungua nyumba yake ya maonyesho kwenye barabara ya Rissani, mkabala na duka langu la kuziba pancha. Ndani alikuwa na mali ile ile ya kila mfanyabiashara wa mji huu: konokono wa bahari waliogeuka mawe, meno, vipande vya mbavu. Nje alitaka kitu cha kusimamisha mabasi ya wageni. Akamwita Haddu, akafungua kitabu cha watoto, akaweka kidole juu ya picha.

"Nataka huyu. Awe mkubwa, na awe na hasira."

Haddu akamtengeneza, nondo ndani, waya wa kuku juu yake, saruji juu ya waya. Mabasi yakasimama. Si Madani akataka mwingine, na mwingine, mpaka uwanja ukajaa. Wote walikuwa wameachama, wote meno nje, na wawili wana rangi nyekundu inayochuruzika kidevuni. Vijana wa mtaani wakawa wanampigia kelele akipita: "Fundi Haddu, wanyama wako wote wanaumwa meno?" Naye anajibu, "Wanamwita mama yako," na anaendelea na safari yake.

Ila mimi niliwajua wanyama wake wengine. Adhuhuri jua likikaza alikuwa anavuka barabara kuja kukaa kivulini kwangu, tunakunywa chai, naye anachora kwa mkaa juu ya maboksi ya mipira ya baiskeli. Alimchora mmoja amejikunja usingizini kama paka. Alimchora mwingine anajikuna mgongo kwenye mwamba, macho kayafumba kwa raha. Kulikuwa na jike mnene, shingo imejaa mikunjo, na watoto wake wamempanda mgongoni bila adabu.

"Mbona huyu umemnenepesha hivi?" nilimuuliza siku moja. "Wa kwenye vitabu wamekonda wote."

"Kwa sababu wachoraji wanavalisha mifupa ngozi, basi, wamemaliza. Hebu fikiria ngamia, Bassu. Mpe mifupa yake mtu ambaye hajawahi kumwona ngamia maishani. Ataweka nundu?"

Nikafikiri. Nundu haina mfupa. "Hataweka."

"Haya. Sasa sisi tumesahau nundu ngapi?"

Nilimwambia awatengeneze hao basi, hao wanono na waliolala. Akacheka, akasema Si Madani atamfukuza.

Mke wake aliitwa Tuda, mwanamke wa upande wa Alnif, mfupi, mkali wa maneno, na mtaa mzima ulimpenda ukiwa umekaa mbali naye kidogo. Binti yao mmoja, Izza, alikuwa ameolewa Midelt, milimani. Kila adhuhuri Tuda alimletea mumewe chakula, mkate wa moto uliojazwa nyama na vitunguu, umefungwa kwenye kitambaa, na mimi nilikatiwa kipande changu bila kuomba. Mwaka ninaousema moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi ilimwishia njiani. Haddu akimwambia akae nyumbani, anajibu, "Nikae nihesabu nzi? Sogea, nipishe kivuli."

Mwaka huo ndipo alipokuja daktari wa mifupa ya kale, Ghizlan, kutoka mji mkubwa wa Darelbeida. Alikuwa na kikundi chake wanachimba kule kwenye nyanda za mawe, na walikuwa wamepata vipande vya yule mnyama mwenye tanga mgongoni, mla samaki, wa zamani zile ambapo jangwa letu lilikuwa mito na tope. Alitaka afanyiwe sanamu ya ukubwa wake kamili, iwekwe hapa hapa alikoishi, isipelekwe mbali. Si Madani akakubali upesi, maana jina la daktari mlangoni ni heshima. Akatenga uwanja wa nyuma, kisha akasafiri kwenda Agadir kwenye shughuli zake.

Ghizlan akamletea Haddu vipimo na michoro ya mifupa. Walikaa dukani kwangu kwa sababu kwangu ndiko kulikokuwa na kivuli, na nilisikia kila neno.

"Urefu wa pua huu hapa," alisema Ghizlan. "Meno haya. Miguu ya nyuma mifupi kuliko tulivyodhani."

"Ngozi?"

"Ngozi hatuna."

"Rangi?"

"Hatujui."

"Alikuwa anapiga kelele gani?"

"Fundi, ningejua hilo ningelala kwa amani."

"Na yeye alikuwa analalaje?"

Ghizlan alimtazama, akaweka glasi ya chai chini. "Wananiuliza alikuwa anaua vipi. Kulala hajaniuliza mtu." Akafikiri. "Sijui. Mimi nakupa mifupa, na mifupa usiivunje. Pale ninaposema sijui, chagua wewe. Lakini uchague kama mtu aliyewahi kumtazama mnyama, siyo kama mtu aliyewahi kutazama sinema."

Haddu akachagua usingizi. Akamlaza yule mnyama ubavu kidogo, kama aliyetoka mtoni ameshiba, tumbo limejaa, kidevu juu ya tope, mguu mmoja umekunjwa chini ya kifua. Tanga la mgongoni alilipa ngozi nene yenye makunyanzi, limelegea upande mmoja. Majira yote ya baridi alifanya kazi hiyo, na nimemwona mtu akifanya kazi, lakini mtu anayefanya kazi huku ameridhika hivyo sijamwona tena. Ulipobaki uso, akakwama. Alijaribu kope za ngamia, zikawa kope za ngamia. Alimtafuta kenge wa jangwani, akamtazama mpaka kenge akachoka kutazamwa. Akaweka saruji, akaibandua, akaweka tena.

Siku moja Tuda alikuja na mkate wake, akakuta Haddu yuko juu ya ngazi, akamwambia nitakungoja. Akakaa chini kwenye kivuli cha ubavu wa mnyama, akaegemea, akaweka shavu juu ya mkono. Usingizi ukamchukua pale pale. Mimi nilikuwa nimeenda kuwaletea chai. Nilimkuta Haddu ameshuka ngazi, amesimama na mwiko mkononi, anamtazama mkewe. Akanionyesha kwa kidole ninyamaze. Kisha akachota saruji mbichi, akaanza.

Alifanya kazi mpaka adhana ya alasiri. Tuda alipoamka alijifuta mdomo, akainua macho, akauona uso wa mnyama juu yake. Akainuka polepole, akausogelea.

"Nini hii?"

"Mnyama," alisema Haddu.

"Mnyama gani ana kope za marehemu mama yangu?"

"Siyo za mama yako."

Akatazama tena. Zile kope nzito, zimeshuka mpaka chini na kukunjika kidogo pembeni. Ile mikunjo miwili chini ya jicho. "Umenifanya mjusi, baba Izza."

"Mjusi mzuri."

"Na mdomo nao wangu?"

"Wako. Nimeupata umefungwa, nikaona nisiikose bahati."

Tuda akamrushia kitambaa cha mkate usoni. Kisha akacheka, na kwa sababu pumzi ilikuwa haba ikabidi ajishike kwenye pua ya mnyama. Akanigeukia mimi. "Na wewe Bassu, ukimwambia mtu nitakunyima mkate."

Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akifika na chakula, kabla hajamsalimia mumewe, anaenda kumgusa mnyama kwenye shavu. Mara moja nilimsikia anamwambia, "Lala, lala, wewe huna wageni." Ghizlan alipopita kutazama kazi, alimzunguka mnyama mara kadhaa. Mwisho alisema, "Nimewaona wengi wa aina yake, na wote walikuwa kazini. Huyu yuko nyumbani kwake." Akasema atarudi baada ya wiki chache na wageni wake kwa ufunguzi.

Si Madani akarudi kabla yao.

Sitaki kumsema vibaya Si Madani. Tuda alipozidiwa mara ya kwanza ni yeye aliyetoa gari lake na kumwendesha mwenyewe mpaka hospitali ya Rashidia, na hakuwahi kulitaja tena. Lakini alisimama mbele ya yule mnyama akiwa bado na vumbi la safari, akauliza, "Amekufa?"

"Amelala," alisema Haddu.

"Amelala. Wageni wangu wamelala kwenye basi tangu Marrakesh, ndugu yangu. Niwaamshe niwaonyeshe nani? Mwenzao?"

"Daktari amempenda hivi."

"Daktari atapiga picha ataondoka. Mimi ndiye nitakayebaki na basi lisilosimama. Mfungue mdomo, fundi. Mfungue na macho. Mwili acha ulale, sina neno, mwili mzuri. Lakini kichwa kiinuke kidogo, kitishe mtu."

Nilikuwa nimesimama pale na nilingoja Haddu aseme neno moja. Alikuwa na la kusema. Angesema tu, Si Madani, huyu niachie. Mzee angekasirika siku mbili, ya tatu angesahau, maana alikuwa mtu wa kupiga kelele na kusahau. Badala yake Haddu akasema, "Sawa, Si Madani." Baadaye aliniambia alikuwa anafikiria lile gari na safari ya Rashidia, na kwamba mtu aliyembebea mkewe hawezi kunyimwa kidevu cha saruji.

Kesho yake asubuhi alikuja kuniazima nyundo.

"Umemwambia Tuda?" nilimuuliza.

"Nitamwambia."

Akaenda akauvunja uso ule. Saruji ilikuwa imekauka vizuri na haikutoka kwa urahisi. Nilikuwa nasikia nyundo mpaka dukani. Akakata nondo za taya, akazikunja kwenda chini, akaweka meno, akaweka ulimi. Macho akayafungua, akatia vioo vya manjano alivyokuwa amebakiza kwenye kazi ya zamani. Mikono yake ilikuwa ile ile mizuri, kwa hiyo mnyama alitisha kweli.

Adhuhuri Tuda alikuja. Alifika pembeni ya ukuta akasimama, kitambaa cha mkate mikononi. Haddu akashuka haraka, akajifuta mikono kwenye suruali. Tuda aliutazama uso ule kwa muda, wala hakuonekana kukasirika.

"Basi umeniamsha," alisema.

Na Haddu, kwa aibu, kwa haraka ya kutaka jambo liishe, akasema, "Ni saruji tu, mama Izza."

"Ndiyo," alisema Tuda. "Kula, mkate unapoa."

Hakurudi tena uwanja wa nyuma. Chakula alikuwa anakiacha kwangu. "Mpe mwenzako," anasema, anapumzika kidogo kwenye kiti changu, ananitania juu ya ndevu zangu, anaondoka. Nyumbani, Haddu aliniambia, walikuwa wanazungumza kama kawaida. Hakumlaumu hata siku moja. Angemlaumu, alisema, ingekuwa nafuu, angepata mahali pa kuanzia kuomba radhi.

Ufunguzi ulifanyika. Ghizlan alikuja na wageni wake, akawaeleza mto, samaki, tanga, kwa sauti ya kazi. Walipokwenda kunywa chai akabaki nyuma na Haddu.

"Kwa nini, fundi?"

"Mwenye mali alitaka."

"Ungenipigia simu."

"Sikufikiri."

"Mimi ningemwambia ni lazima alale. Ningesema sayansi imeamua. Angeniamini." Akatikisa kichwa. "Ulikuwa umefanya kitu, unajua?"

Haddu alijua.

Tuda alifariki mwanzoni mwa baridi iliyofuata, asubuhi ya jua, akichambua tende uani. Jirani alimkuta ameegemea ukuta, akadhani amepitiwa na usingizi, akamwacha apumzike. Haddu alikuwa kazini anapaka rangi uzio. Alipoitwa na kufika, wanawake walikuwa wameshamwosha na kumfunika. Kwa hiyo hata wakati ule hakuuona uso wake.

Yalipokwisha matanga, Izza akabaki kumwangalia baba yake. Ijumaa nilikuwa naenda kula kuskus kwao, na Ijumaa mojawapo nilimkuta Haddu ameketi uani mbele ya ubao, na juu ya ubao udongo wa mfinyanzi alioutoa bondeni. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala.

"Ni yeye?" aliniuliza.

"Anafanana."

"Usinidanganye, Bassu."

"Pua ni yake," nilisema. "Shavu."

"Pua na shavu ni mfupa. Mfupa naujua." Alikuwa na picha ya kitambulisho cha Tuda kando yake, macho ameyakodoa kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua. Picha nyingine zilikuwa za harusi za watu, amesimama nyuma ya wengine, anacheka. Ya usingizini nani angempiga? "Hizi kope nazikisia. Najua zilishuka, najua zilikunjika pembeni. Zilikunjikaje? Nimelala karibu naye umri mzima, Bassu. Nilizitengeneza kwa mkono huu."

Akaufinyanga udongo ukawa donge, akaanza upya. Ijumaa iliyofuata nilikuta uso mwingine, na wenyewe ukafinyangwa. Siku moja aliniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Wale wanyama niliwakisia bila woga. Hakuna aliyewaona, hakuna wa kuja kuniambia sivyo. Huyu nikikosea najua nimekosea, ila sijui wapi."

Nikamuuliza, kwa kutaka kumsaidia, vile vipande alivyovivunja vilitupwa wapi. Alikuwa ameshavitafuta. Vilisagwa na kumwagwa kwenye shimo la njia, na magari yalikuwa yamepita juu yake miezi yote hiyo.

Ni Izza aliyetoa shauri. Alikuwa mtu mzima, ana watoto, na alisema kwa kuona haya kama msichana. "Baba, watu wanasema nimefanana na mama. Nikilala, si utaona?"

Haddu alimtazama muda mrefu. "Ulale hapa?"

"Hapa hapa. Mara ngapi nimelala hapa utotoni."

Akatandika mkeka kwenye jua dogo la baridi, akaweka shavu juu ya mkono, akafumba macho. Nilitaka kuondoka, Haddu akaniambia kaa. Akachota udongo. Izza alijaribu, lakini mtu hawezi kulala akiambiwa alale; kope zilikuwa zinachezacheza, na baada ya muda machozi yakaanza kutoka chini yake, kimya kimya, yanapita juu ya pua. Hakusogea, alifikiri baba hayaoni.

"Amka, mwanangu," alisema Haddu. "Imetosha."

"Umeupata?"

"Nimepata kitu."

Alikuwa amempata Izza. Uso ulikuwa mzuri kuliko yote aliyofanya uani pale, hai, na wa mwanamke mwingine. Izza aliutazama, akasema ni mama. Haddu hakubishana naye. Akaukausha, akauoka kwa mfinyanzi, na Izza akaubeba kwenda nao Midelt umefungwa ndani ya blanketi.

Miaka ikapita. Ghizlan alikuja tena, nywele zimeanza mvi mbele. Mifupa ya mkia ilikuwa imepatikana, alisema, na ule mkia tuliomwekea mnyama ulikuwa makosa. Wa kwake ulikuwa mpana, bapa, kama kasia. Alikuwa anafurahi jinsi watu wa kazi yake wanavyofurahi wakikuta walikosea. Si Madani alikuwa mzee sasa, anakaa mlangoni na fimbo yake, mabasi yamehamia barabara nyingine. Akasema, "Fanyeni mnavyotaka. Mkia, kichwa, chochote."

Ghizlan akamgeukia Haddu. "Umesikia? Kichwa pia. Tumlaze kama alivyokuwa."

Haddu aliweka mikono mapajani.

"Mkia nitafanya," alisema. "Kichwa kiacheni."

"Si ulikitaka, fundi? Nakumbuka ulivyokitaka."

"Nilikitaka. Sasa nikifunga macho yale nitaweka kope za mtu yeyote tu, na kila atakayepita atasema vizuri, amelala. Mimi nitakuwa nimemfuta mara ya pili."

Ghizlan hakuelewa yote, nadhani, maana hakumjua Tuda. Lakini hakuuliza tena. Haddu akafanya mkia, mpana, wenye mapezi marefu, akaupaka rangi ya tope lililolowa. Ilikuwa kazi nzuri. Alipomaliza akaosha vyombo vyake kwenye bomba langu, akavigawa kwa mafundi vijana wa mtaani, akafunga nyumba, akaenda kuishi kwa Izza.

Huwa ananipigia simu siku za sikukuu. Mara ya mwisho nilimwambia watoto wa shule wanaletwa kuona mkia, wanapenda kuupanda, mwalimu anawapigia kelele. Akasema waache waupande, nondo za ndani nene. Nikamuuliza kama ameshika udongo huko Midelt. Akasema hapana, huko kuna theluji na vidole vinakakamaa, asubuhi anawapeleka wajukuu shule na anarudi. Kisha akaniuliza kama bonde limepata maji mwaka huu, nikamwambia kidogo tu, na tukakaa hivyo kidogo kwenye simu, kila mmoja anamngoja mwenzake aage.